Nilivyomnywesha mwanangu ORS, kijiko kwa kijiko

Mtoto akiharisha na kutapika kwa pamoja, nyumba nzima inaingia kiwewe. Wangu alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, mama yake yuko zamu ya usiku kazini, nimebaki mimi na mama mkwe. Duka la dawa walinipa vidonge vya zinki na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kurudisha maji mwilini. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikamimina pakiti nzima kwenye lita moja kamili kama ilivyoandikwa.

Mama mkwe hakupendezwa. "Baba, kila anachokunywa kinatoka. Lipumzishe tumbo lake. Au mpe soda, walau ina sukari."

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na mada ya utando wa seli huwa naimaliza haraka kwa sababu wanafunzi husinzia. Usiku ule nikaipeleka kwa mama mkwe.

"Mama, ukinyunyizia vitunguu chumvi kabla ya kachumbari, yale maji yanatoka wapi?"

"Si kwenye vitunguu vyenyewe."

"Basi na soda ni hivyo hivyo. Sukari ikizidi ndani ya utumbo, inavuta maji kutoka mwilini. Ataharisha zaidi."

Akanyamaza, ila alitaka kujua kwa nini basi sukari imo kwenye pakiti yangu. Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Utando wa seli za utumbo ni tabaka mbili za mafuta, na chumvi haipenyi mafuta. Sodiamu ya chumvi hiyo huingia kwa kupitia protini maalumu, na mojawapo, iitwayo SGLT1, hubeba sodiamu mbili pamoja na glukosi moja, ndiyo sukari ya kwenye pakiti. Bila glukosi haipitishi. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotumia nishati kuitoa sodiamu iende kuelekea damuni, hivyo ndani ya seli huwa kidogo na nyingine inaendelea kuingia. Maji yanafuata nyuma kwa osmosisi, yaani yanavutwa kule chumvi ilikoenda, kama yale ya vitunguu. Kwa hiyo sukari ile haikuwekwa kwa ajili ya utamu, na kiasi chake ni cha kupimwa: mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani liliipunguza pamoja na chumvi, mchanganyiko ukashuka kutoka miliosmoli (kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka) 311 hadi 245 kwa lita.

Ajabu ni kwamba hata kipindupindu, kinachozifanya seli zimwage maji kwa fujo, hakiigusi protini hiyo. Ndiyo maana mwaka 1971, dripu zilipoisha kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Nadharia iliishia hapo, ikabaki kazi. Kikombe kizima mtoto anakirudisha chote. Nilitumia kijiko cha chai, kimoja kila baada ya dakika moja au mbili, nimempakata kichwa kikiwa juu. Akitapika, nangoja dakika kumi, naanza tena polepole zaidi. Katikati nafinya ngozi ya tumbo kuona kama inarudi haraka, naangalia macho kama yamezama, maana hizo ndizo dalili za kuishiwa maji. Begi la hospitali lilikuwa mlangoni: angeshindwa kunywa, angelegea au ningeona damu kwenye choo, tungeondoka saa ile ile.

Kabla ya alfajiri alikojoa, nepi ikalowa kweli kweli. Sijawahi kufurahia mkojo kiasi kile.

Zinki tuliendelea nayo hata baada ya choo kukaza, maana hutolewa siku 10 hadi 14. ORS iliyobaki tuliimwaga ilipofikisha saa 24. Lita iliyofuata aliipima mama mkwe, na soda akainywa mwenyewe.