Faiba Imefika Mlangoni: Kabla Fundi Hajakunja Ngazi Yake

Siku ya kufungiwa faiba, yaani intaneti ya uzi wa kioo, kuna saa moja yenye thamani kuliko miezi yote itakayofuata. Fundi yupo, ngazi ipo, kipimo kipo, na kampuni inasubiri saini yako. Wengi hufungua WhatsApp, wakaona inafunguka, wakasaini. Mwezi wa pili malalamiko yanaanza: usiku inakatika, chumba cha nyuma haifiki, umeme ukizimika nayo inazima. Mengi ya hayo yalikuwa yanaonekana siku ile ile, kwa anayejua pa kuangalia.

Kwanza ujue kinachopita ndani ya ule uzi mwembamba. Kwenye kituo cha kampuni kuna mtambo uitwao OLT, unaorusha mwanga wa leza kwenye uzi mmoja wa kioo. Njiani, ndani ya visanduku vya kwenye nguzo, mwanga huo hugawanywa na splita, mara nyingi kwa nyumba 32 au 64. Splita haitumii umeme. Inagawa mwanga tu kama mfereji unavyogawa maji. Kwa teknolojia ya GPON, ambayo ndiyo imeenea majumbani, uzi huo mmoja hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuja kwenu na gigabiti 1.25 kurudi, na nyote mliounganishwa kwenye uzi huo mnagawana. Nyumbani mwako mwanga unapokelewa na kisanduku cha ONT, ambacho siku hizi mara nyingi ndicho ruta pia.

Sasa, namba ya kumwomba fundi ni moja: nguvu ya mwanga inayofika kwako, kwa dBm, kipimo ambacho upotevu wake huhesabiwa kwa desibeli. Atakuwa na kipimo mkononi, au ataisoma kwenye ukurasa wa ONT yenyewe. Hesabu yake haina uchawi. Tuseme mtambo unarusha +3 dBm. Splita ya matawi 8 hula takriban desibeli 10.5, mkiwa nyuma ya splita mbili za namna hiyo, zimeliwa 21. Kilomita tano za uzi hula moja na nusu, maungio na konekta moja na nusu nyingine. Kinachobaki ni kama −21 dBm, nayo ni namba nzuri. ONT nyingi za GPON zimeundwa kusikia mpaka −27. Ukiambiwa −26 usikubali, hata kama video inacheza vizuri muda huo. Desibeli 3 ni nusu ya mwanga wote, kwa hiyo aliyeanza na −26 hana akiba: chembe moja ya uchafu, uzi ukijikunja kidogo, ameshatoka. Na namba ikipanda juu ya −8, yaani karibu zaidi na sifuri, mwanga ni mkali mno kwa kipokezi, jambo linalotokea kwa nadra.

Namba ikiwa mbaya, sababu za kawaida zinahesabika. Ya kwanza ni uchafu kwenye ncha ya konekta. Kidole kimegusa, vumbi limeingia. Hufutwa kwa kalamu maalumu ya kusafishia au kitambaa kisichotoa nyuzi chenye pombe ya isopropili, siyo kwa pindo la shati. Ya pili ni kona kali. Uzi uliobanwa kwenye fremu ya dirisha au kupigiliwa kwa msumari uliokaza huvujisha mwanga hata kama haukukatika; mpindo usiwe mdogo kuliko mdomo wa glasi ya maji, na uzi unaobaki uviringishwe kwa ukubwa huo. Ya tatu ni kuchanganya rangi. Konekta ya kijani imechongwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haina mshazari. Zinaingiliana vizuri kabisa kwa nje, ila ndani zimeacha mwanya na desibeli kadhaa zinapotea hapo. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Na usichungulie ncha ya uzi kwa jicho. Mwanga huo hauonekani, lakini ni leza.

Taa za ONT nazo zinasema. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa: uzi umekatika au umechomoka, na kuzima na kuwasha hakutasaidia kitu. LOS ikiwa imezima huku PON ikipepesa bila kutulia, mwanga unafika lakini kifaa hakijasajiliwa kwenye mtambo; hapo kazi ni ya ofisini kwa kampuni, hakuna haja ya kupanda nguzo. Kumweleza anayepokea simu taa ipi inawaka vipi kunaokoa safari nzima ya fundi.

Mwanga ukiwa sawa, linalobaki ni la kwako, na hapa ndipo kasi nyingi inapofia. Fundi akiachiwa aamue, ataweka kisanduku karibu kabisa na pale uzi ulipoingilia, yaani pembeni ya nyumba, nusu ya waifai ikimulika uani. Mwambie avute mita kumi zaidi hadi katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na chuma. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta wa tofali mbili unayachosha, 2.4 GHz yanapenya zaidi ila yamejaa ruta za majirani. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz. Kwenye maghorofa hili peke yake hubadilisha mambo.

Nyumba ikiwa kubwa, vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kurudufu waifai mimi sivishauri: vingi hutumia redio moja kupokea na kutuma, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Vuta waya wa mtandao. Aina ya Cat 5e inatosha kwa gigabiti moja hadi mita 100, Cat 6 ni bora ukiwa unajenga. Ila iwe ya shaba tupu. Madukani zimejaa waya za alumini iliyopakwa shaba, rahisi kwa bei, zinazokatika zikikunjwa na zinazopata moto zikibeba umeme wa kamera. Kwaruza ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, rudisha. Mpangilio wa rangi, pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Umelipia megabiti 200 na kipimo hakivuki 95? Karibu kila mara ni waya mmoja kati ya hizo nane haukushika, na vifaa vimekubaliana kushuka hadi 100. Ruta ya pili ukiiweka huko mwisho wa waya, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, na uchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo la WAN (la kuingizia intaneti).

Kasi ipimwe kwa kompyuta iliyochomekwa waya, mara moja fundi akiwepo na mara moja saa tatu usiku ambapo mtaa mzima uko mtandaoni. Na kumbuka megabiti siyo megabaiti: kifurushi cha megabiti 20 kinapakua megabaiti 2.5 kwa sekunde, na hapo hujaibiwa.

Kwa kuwa splita za njiani hazihitaji umeme, mtaa ukiwa gizani faiba huendelea, mradi mtambo wa kampuni una betri na wewe una ya kwako. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya volti 12 inatosha. Iliyoandikwa 10,000 mAh ina betri za volti 3.7, kwa hiyo ni takriban wati-saa 37. Toa upotevu, zinabaki kama 30. Kisanduku kinachokula wati 10 kitakaa saa tatu. Soma volti na ampea kwenye adapta ya zamani kabla ya kununua. Ya volti 9 kwenye kifaa cha 12 itawasha taa na kukatika-katika.

Wenye kamera za ulinzi waulize jambo moja zaidi. Anwani ya WAN kwenye ruta ikianzia 100.64 hadi 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua milango (port) kwenye ruta hakutakufikisha kwenye kamera ukiwa nje. Omba anwani ya umma au tumia kamera inayopitia seva.

Ofisi, shule na zahanati zinahitaji pia njia ya pili, na hapa watu hununua karatasi badala ya njia. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na mikataba miwili, yote ikipita mikongo hiyo, alikaa gizani na mikataba yake. Waulize watoa huduma wote wawili: uzi unapita nguzo zipi, unatokea bahari ipi, mkongo upi. Mtaani, faiba mbili kwenye nguzo moja huangushwa na lori moja. Bora faiba moja na njia ya redio au satelaiti.

Ruta ya laini mbili iwekwe ipime kwa kutuma ping (ujumbe mfupi unaosubiri jibu) kwenye anwani ya mbali kila baada ya sekunde chache, siyo kwa kuangalia kama waya umechomekwa. Mkongo ukikatika baharini, taa ya waya wa ofisini inaendelea kuwaka kijani, na ruta isiyopima haitahama kamwe. Mkimaliza kuifunga, chomoeni uzi wa laini kuu saa nne asubuhi, wahasibu wakiwa kazini, na mhesabu sekunde mpaka barua pepe zirudi. Kisha rudisheni uzi, na muizuie anwani ile ya mbali kwenye laini kuu ili muone kama inahama waya ukiwa umechomekwa.