Kifusi kilivyotutoa kwenye tope Nkuhungu

Udongo wa mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, ni ule mweusi wa mfinyanzi. Mvua za Desemba zikianza unavimba na kunata mpaka kandambili inabaki nyuma yako. Ikifika Agosti umepasuka nyufa za kumeza kidole. Kipande chetu cha barabara cha mita 180 hadi kwenye lami tulikuwa tunakimwagia moramu, ule udongo wa changarawe, kila mwaka, na kila Machi moramu imeshamezwa.

Mimi ni fundi ujenzi, hivyo kamati ya mtaa ikanitwika mimi kazi ya kuitengeneza. Bila malipo, bila shaka. Fedha za moramu zilikuwa zimeisha, lakini tangu serikali ihamie Dodoma watu hawaachi kubomoa nyumba za zamani ili wajenge upya, na kifusi kinamwagwa makorongoni usiku. Nikawaomba madereva wa Fuso wakimwage kwetu. Walikubali upesi, kwetu ni karibu kuliko korongoni.

Kosa langu la kwanza ni kupokea kila kilichokuja. Lori la kwanza lilishusha zege, ndiyo, lakini pamoja na mbao, waya, nepi na vipande vya dari la jipsamu. Jipsamu ikilowa inakuwa uji, na juu ya uji barabara itatitia tu. Kuanzia hapo nikasimama getini kama askari: zege na tofali za saruji pekee. Mabati ya zamani ya asbesto niliyakataa hata kipande, maana ukiyagonga vumbi lake linaingia mapafuni na linaleta saratani. Nondo tuliwauzia vijana wa vyuma chakavu, hela ikaenda kwenye dizeli. Kinamama wanaogonga kokoto tuliwalipa kwa ndoo: vipande vya ukubwa wa ngumi kwa tabaka la chini, vya yai la kuku kwa la juu.

Tulichimba futi moja ya ule mfinyanzi, tukauondoa kabisa. Kifusi kikaingia kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka linamwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Zege kuukuu linakunywa maji kuliko kokoto ya mwambani, kwa hiyo boza nililopanga kwa siku mbili liliisha siku moja. Kipimo changu cha unyevu kilikuwa kiganja: nachota vumbi la kifusi, nafinya, likishikana bila kulowesha mkono, shindilia. Juu tukafunika na moramu kidogo.

Kijana mmoja alinishauri tuyeyushe chupa za plastiki na mabomba mabovu tumwagie juu, "Mzee, India wanafanya." Kweli wanafanya. Profesa Vasudevan wa Madurai ndiye aliyeonyesha njia ya kuifunika kokoto ya moto kwa plastiki kabla ya lami. Lakini hiyo ni mitambo yenye kipimo cha joto, na mabomba ya PVC hayaingii humo, kwa sababu yakichomwa yanatoa gesi kali ya asidi. Sisi tulikuwa na pipa na kuni. Nilikataa, na ningekataa hata leo.

Mvua ya kwanza barabara ilisimama. Siku ya pili akaja bibi mwenye bustani ya mchicha pale chini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, haya maziwa mnayonimwagia bondeni ni ya ng'ombe gani?"

Niliteremka naye. Maji ya mtaroni yalikuwa meupe kweli. Mwalimu wa kemia jirani yetu akachovya karatasi nyekundu ya litmasi, ambayo hugeuka buluu ikikuta kitu kama chokaa, ikageuka papo hapo. Ilikuwa chokaa ya saruji. Zege likivunjwa, nyuso mpya zinafunguka na maji yanaibeba chokaa, hasa kwenye vumbi, na vumbi mimi nilikuwa nimelimwaga lote humo kwa kuona ni mali. Mchicha wa kingoni ulikuwa umeshaanza kuwa manjano.

Nikamlipa bibi matuta mawili, mfukoni mwangu. Mtaro tukaugeuza uishie kwenye shimo tulilojaza udongo na nyasi, maji yanywee humo badala ya kwenda bustanini. Mita 60 za mwisho, ambazo zilikuwa bado, tulichekecha kifusi kwanza, vumbi likabaki kando. Kadiri zege linavyokaa hewani, chokaa yake hufungwa na hewa ya ukaa na makali yanapungua, na msimu uliofuata maji ya mtaroni hayakuwa meupe tena. Litmasi bado ilibadilika, ila taratibu na rangi hafifu.

Hatujachimba shimo jipya la moramu tangu hapo. La zamani, kule nyuma ya makaburi, bado linajaa maji kila masika, na watoto bado wanaogelea humo. Nimewaomba madereva wa Fuso wapeleke huko ule mfinyanzi tuliouchimba. Wanasema huko ni mbali.