Kilo nne na nukta moja

Saa nane za usiku. Umeme ulikatika tangu magharibi, mume wangu anakoroma, na mimi nimekaa mkekani nimeegemea cherehani, maana kulala chali siwezi na ubavu wa kushoto umechoka.

Wiki ya 38 hii ya mimba. Jumanne nilipiga skani kwenye kliniki moja hapa Busia, upande wa Uganda. Kijana wa mashine hakuniangalia hata usoni. Aliandika kilo 4.1, akanipa karatasi, akasema, "Mama, una jitu humu," akaita anayefuata. Basi. Jitu nikapanda nalo boda mpaka nyumbani, na usingizi nadhani uliangukia njiani.

Ninachoogopa ni bega kukwama. Mtoto wa jirani yetu alizaliwa hivyo: kichwa kilitoka, bega likang'ang'ania kwenye mfupa wa nyonga wa mama yake. Mkono wake wa kulia ulilegea miezi minne kabla hajaanza kuuinua. Leo anarusha mawe kwa mkono huohuo, na vioo vya watu ni mashahidi. Lakini usiku siyakumbuki mawe. Naikumbuka miezi minne.

Ushauri sikosi. Hajati wa nyumba ya pili ameniletea emumbwa, ule udongo wa dawa wa Waganda, niusugue kwenye kigae ninywe maji yake, mifupa ilegee. Nimeupokea kwa mikono miwili, nikauweka juu ya kabati. Mama yangu, yuko upande wa Kenya, ananiambia kwenye simu nipunguze kula nisimnoneshe mtoto. Nilijaribu siku moja. Jioni kizunguzungu kikanishika, nikakata mkono wa gauni la watu pasipostahili kukatwa. Usiku huo nilikula matoke sahani mbili.

Jana nikaenda hospitali nitakakojifungulia. Musawo, yaani mganga wa hospitali kwa Kiganda, ni mama mtu mzima, mpole, wa wale wanaovuta kiti kwanza. Alinilaza, akatoa utepe wa kupimia kama wangu wa kazi, akaupitisha kuanzia mfupa wa kinena mpaka juu ya tumbo. Sentimita 40. Nikamwonyesha karatasi ya skani.

"Mashine haina mizani, mwanangu," akasema. "Inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, halafu inakisia. Inaweza kukosea sehemu moja ya kumi, juu au chini, na wakati mwingine zaidi."

Hapo nikamwelewa kuliko alivyotarajia. Mteja wa kiuno cha inchi 41 nikimkosea hivyo, nitamshonea sketi ya 37 au ya 45, na fedha yangu sitaiona! Kumbe nimekesha siku tatu kwa ajili ya kipimo ambacho mimi mwenyewe nisingekatia kitambaa.

Akaniuliza habari za sukari. Nilipimwa mwezi wa sita wa mimba, nikanywa ile glukosi gramu 75 tumbo likiwa tupu (tamu ya kukera), na majibu yalikuwa mazuri. Akaandika. Akaandika pia kwamba wa kwanza alikuwa kilo 3.4 na wa pili 3.8, wote kwa njia ya kawaida. Akasema kwa hali yangu hawakimbilii kisu kwa sababu ya kilo 4.1 za kwenye karatasi, ila nisizalie nyumbani wala kituo kisicho na chumba cha upasuaji.

"Na bega likikwama?"

Hakunipoza kwa maneno. Alinishika magoti, akayakunja kuelekea kifuani taratibu, kwa kadiri tumbo lilivyoruhusu. "Mmoja huku, mwingine huku. Wa tatu anabonyeza hapa." Akaweka kiganja juu kidogo ya kinena. "Juu ya tumbo hapana, hapo hatusukumi. Mara nyingi bega linateleza. Likikataa, tunazo njia nyingine. Wewe kazi yako ni kusikiliza tunapokwambia sukuma na tunapokwambia acha."

Hofu haijaisha, nisidanganye. Ila sasa ina mikono sita ndani yake, na mahali pa kubonyeza napajua.

Ndoo iko mlangoni: glavu, pamba, wembe mpya, karatasi ya plastiki, kanga tatu. Namba ya boda nimeiandika ukutani kwa chaki ya kushonea.

Zimebaki sketi tatu za sare za shule, mwenyewe anakuja Ijumaa. Nimewasha mshumaa. Tumbo haliingii tena chini ya meza, kwa hiyo nakaa upande, mguu mmoja kwenye pedali. Nikikanyaga, huyu wa ndani anatulia. Nikiacha, teke.

Mume wangu amegeuka. Anauliza nani anashona saa tisa za usiku.