Ratiba ya vipindi kwa CP-SAT: maabara moja, pacha 18

Shule ya sekondari niliyoipangia ratiba ina mikondo 6, siku 5 na vipindi 8 vya dakika 40 kwa siku, yaani nafasi 240 za kujaza. Nilitumia CP-SAT, solva (programu inayotafuta jibu linalotimiza masharti unayoipa) iliyomo ndani ya OR-Tools, mkusanyiko wa zana za programu wa Google. Ni ya bure, na kwa shule ya ukubwa huu laptopu ya kawaida inatosha.

Data niliiweka kwenye jedwali, kila mstari mzigo mmoja: mkondo, somo, mwalimu, idadi ya vipindi kwa wiki. Masomo ya sayansi niliyagawa mistari miwili, nadharia mbali na vitendo mbali, kwa sababu vitendo vinataka vipindi viwili mfululizo, ambavyo hapa naviita pacha. Mzigo wa nadharia una vigeu 40 vya 0 au 1: kipindi kipo hapa au hakipo. Kwa vitendo, kigeu kinauliza pacha inaanzia wapi. Ukitumia vipindi viwili vinavyojitegemea kisha ukadai vifuatane, masharti yanarundikana bure. Kwa kigeu cha mwanzo, pacha inayokatizwa na mapumziko huiandiki kabisa.

Masharti yasiyovunjwa ni matatu: mwalimu asiwe madarasa mawili kwa wakati mmoja, mkondo usiwe na masomo mawili, maabara isiwe na mikondo miwili.

Jibu la kwanza likaja: haiwezekani. Kwa kawaida solva haisemi kwa nini, na hapo ndipo wengi huanza kulaumu programu.

Chukua kalamu uhesabu. Mikondo 6, kila mmoja na fizikia, kemia na baiolojia, pacha moja kwa kila somo: jumla 18. Maabara ni moja, ina vipindi 40 kwa wiki, ukigawa kwa mbili ni 20. Zinaingia, au sivyo? Haziingii. Mapumziko yalikuwa baada ya kipindi cha 5. Vipindi 5 vya kabla yake vinabeba pacha 2 na kimoja kinabaki mkononi. Vipindi 3 vya baada yake vinabeba pacha 1 na kimoja kinabaki tena. Ni pacha 3 kwa siku, 15 kwa wiki, na 3 hazina pa kwenda. Kinachopoteza watu ni kwamba kila pacha ina mahali 30 pa kuanzia, mapumziko yawe baada ya kipindi cha 5 au cha 4. Idadi hiyo haibadiliki. Tuliyahamishia baada ya cha 4, siku ikawa 4 na 4, nafasi zikafika 20.

Hesabu kama hiyo ifanye kwa kila mwalimu kabla ya kuendesha chochote. Anayekuja siku 2 tu ana nafasi 16. Ukimpa vipindi 18 umeshakwama.

Baada ya hapo niliongeza kwa kila mzigo kigeu cha vipindi vilivyoachwa, faini 1,000 kwa kila kimoja; solva hutafuta ratiba yenye jumla ndogo kabisa ya faini. Badala ya kukataliwa kimyakimya, unapata ratiba pamoja na orodha ya vilivyokosa nafasi, na orodha hiyo inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Somo lilelile mara mbili kwa siku nililitoza 20, na hisabati inayowekwa baada ya mapumziko nikaitoza 3. Faini ya kuachwa iwe kubwa kweli; ukiweka 10, solva inaweza kuona nafuu kukitupa kipindi kuliko kupeleka hisabati nne mchana, kwa kuwa hizo zinagharimu 12. CP-SAT hufanya kazi kwa namba nzima, kwa hiyo ukitaka nusu, zidisha faini zote kwa 2.

Muda wa kutafuta niliuwekea kikomo cha dakika 10. Ratiba nzuri isiyothibitishwa kuwa bora kuliko zote inatosha kabisa kubandikwa ubaoni.

Mwalimu akihama katikati ya muhula, usianze upya. Ipe solva ratiba ya zamani kama dokezo, kisha toza faini 5 kwa kila kipindi kinachohama. Dokezo peke yake halizuii kitu. Bila ile faini, Jumatatu shule nzima inaamkia ratiba ngeni kwa sababu ya mtu mmoja.