Kituo Changu Kilikuwa Kimeshaanguka

Mwaka wa pili wa shahada ya utalii na ukarimu tulikuwa na mtihani mmoja uliotutia tumbo joto kuliko hesabu za gharama za jikoni: kutembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwalimu na wenzetu wanajifanya watalii, wewe unasimama kwenye kituo chako, unasema, unaulizwa, unapewa alama. Vituo viligawiwa kwa vikaratasi. Aliyeokota Mkunazini aliguna, maana pale utazungumza habari za utumwa mbele ya watu wenye hamu ya kupiga picha. Mimi nikaokota Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu la masultani, linalotazama bahari.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2021. Tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa ndani wanalikarabati, upande wa mbele wa jumba lile uliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wakafa. Nikamwendea mwalimu kuomba kituo kingine.

"Wageni hawajaacha kuja," alisema. "Na watauliza."

Hilo kweli. Msimu ule Warusi walikuwa wamejaa kisiwani, sisi tukiwa tumekazana kusoma Kitaliano.

Shida yangu ilikuwa kanuni tuliyokaririshwa tangu siku ya kwanza: onesha kwanza, ndipo useme. Sasa nioneshe nini? Mabati ya uzio?

Siku ya mtihani nikawakusanya Forodhani, bustani iliyo mbele ya jumba, chini ya mti, kwenye kivuli. Mume na mke wa Kirusi waliokuwa wanapita wakajiunga, wakidhani ni ziara ya kweli. Nikawaambia wote walipe jumba mgongo, watazame bahari.

Nikaanza. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zimejipanga pale mnapopaona. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, yumo kasrini, ameambiwa atoke, hataki. Saa 3 muda wa onyo unakwisha, mizinga inaanza. Haikufika hata saa moja, vita vimekwisha. Glasgow, meli ya Sultani, ilizama hapohapo bandarini, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini miaka na miaka. Kasri la jirani likawa kifusi.

"Sasa geukeni."

Wakageuka. Juu ya mabati zilionekana nguzo za chuma za upande uliosalia. Nikasema: jumba hili alilijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na mizinga ile yote haikuliangusha.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa karibu yetu alikuwa ametega sikio muda wote. "Mwanangu, mbona huwaambii lifti? Hapa ndipo palipokuwa na lifti ya mwanzo Afrika Mashariki yote! Na taa za umeme!" Nikamshukuru, nikatafsiri. Wenzangu walikuwa wanabana kicheko, mwalimu anaandika.

Yule Mrusi akanyoosha kidole kwenye mabati, akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza: nani kafanya? Darasani tulifundishwa jibu la swali kama hilo, kwamba jengo liko kwenye matengenezo, karibu tena. Likanikwama kooni. Nikamwambia lilikuwa jumba la zaidi ya miaka 130, linapigwa na upepo wa chumvi, na kwamba 2012 kipande chake kilishaanguka, kila mtu akaona. Nikaishia hapo. Akatikisa kichwa polepole, mkewe akavua miwani ya jua.

Mwalimu alinipa alama nzuri za masimulizi, akanikata za mpangilio: nimewafanya wageni wakipe kivutio mgongo. Nilibisha palepale, na mpaka leo naona alinionea. Kivutio chenyewe kilikuwa mabati ya bluu!

Warusi hawakuondoka. Walitufuata hadi Ngome Kongwe, ambako mwenzetu aliyefuata alikuwa anatetemeka mikono huku kakunja karatasi yake ikawa kama sigara. Alipoona nyuso mbili za Kizungu ambazo hakuzitarajia, Kiingereza chote kikamruka.

"Buongiorno!" akapiga kelele.

"Buongiorno," yule Mrusi akajibu, kwa adabu kabisa, akasimama kivulini kumsikiliza.