Darasani sifuri, karakana namba moja

Nimesoma ufundi mimi, so watu wakisema wanafunzi wa ufundi wanafeli kwa sababu ni vilaza huwa nachoka kabisa. Kuna mshkaji wangu alikuwa anapata sifuri ya hesabu kila testi, lakini mpeleke kuseti msingi wa nyumba sasa, anapima 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari ukisoma 5 anakwambia kona imekaa mraba twende kazi. Hiyo si Pythagoras, ile kanuni ya pembetatu yenye kona mraba, ile ile aliyochapwa nayo ubaoni?? Hakuna mwalimu aliyewahi kumuunganishia tu.

Halafu vifaa jamani. Mashine moja, wanafunzi kibao, mmoja anaranda mbao wengine tumeshika mikono nyuma kama tuko msibani, mtihani wa vitendo ukifika ndo unaigusa mara ya pili, utafaulu vipi?

Nyumbani nako wanachangia, ukiambiwa kila siku umeenda huko kwa kuwa ulishindwa kwingine unaishia kuamini. Na vibarua vya jioni, ukishaonja hela ya fundi, kitabu cha nadharia kinakuwa kizito balaa, mi mwenyewe nilikuwa nakilalia.