Nilivyoinyamazisha NLRP3 bila kudanganywa na virusi vyangu mwenyewe

Baba yangu ana jongo. Nimekua nikimwona usiku ameutoa mguu nje ya shuka, kwa sababu hata uzito wa shuka juu ya kidole gumba ulimshinda. Kwa hiyo nilipoambiwa nichague jeni ya kufanyia utafiti wangu wa uzamivu hapa Bonn, Ujerumani, sikufikiri mara mbili: NLRP3. Protini yake hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu kama mlinzi. Ikihisi fuwele za asidi ya yuriki, huita wenzake wakaunda mtambo uitwao inflamasomu, na mtambo huo huikata interlukini-1 beta, protini ya kuamsha uvimbe, ambayo hutoka nje ya seli ikiwa tayari kwa kazi. Hapo ndipo kiungo kinapovimba na kuwaka. Kundi la Jürg Tschopp wa Lausanne, Uswisi, ndilo lililoonyesha mwaka 2006 kwamba fuwele hizo hupitia njia hii.

Nilihitaji seli za binadamu ambazo NLRP3 yake imepunguzwa, si kuondolewa kabisa. Wenzangu waliniuliza kwa nini nisiikate jeni yenyewe kwa CRISPR, mkasi wa kijeni. Jibu langu ni kwamba dawa hupunguza nguvu ya protini, haiing'oi jeni, nami nilitaka hali inayokaribia ile ya mgonjwa aliyemeza dawa. Nikachagua RNA fupi iliyojikunja kama pini ya nywele. Seli huikata, kisha hutumia kipande chake kuisaka RNA ya ujumbe ya NLRP3 na kuiharibu. Njia hii ya kunyamazisha jeni ilielezwa na Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998 kwa kutumia minyoo midogo, na mwaka 2006 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mbebaji wa pini yangu ni lentivirusi, kirusi cha ukoo wa HIV, kwa kuwa huipachika ndani ya DNA ya seli, na seli ikigawanyika watoto wake huirithi.

Mdogo wangu alimpa baba habari nusunusu. Nilipopiga simu Tanga nikasema shikamoo, aliitikia marahaba na papo hapo akauliza, "Mwanangu, ni kweli unafanya kazi na virusi vya Ukimwi?" Sauti yake ilikuwa na hofu, na hofu hiyo naielewa, familia yetu imezika watu. Nilimweleza taratibu. Vekta, yaani kirusi mbebaji, ina asili ya HIV-1, lakini sehemu zake zimetenganishwa katika plasmidi (viduara vya DNA) tatu: moja ina pini, ya pili ina protini za kujengea kirusi, ya tatu ina koti lake, na koti hilo si la HIV bali la kirusi cha ng'ombe na farasi. Ni ile ya pini tu ambayo ujumbe wake hufungwa ndani ya kirusi. Kikishaingia kwenye seli hakina cha kuzalia kingine. Sikumficha kwamba koti hilo huweza kuingia karibu seli yoyote ya mtu, ndiyo maana tunafanya kazi katika maabara yenye ulinzi maalumu na sindano haziruhusiwi mezani.

"Basi vaa glavu mbili," akasema.

"Navaa mbili, baba."

Kutengeneza virusi hakukunisumbua sana. Seli za 293T, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, hupewa plasmidi zote tatu, na baada ya saa 48 unakusanya maji yenye virusi. Seli za kuambukiza zilikuwa THP-1, ambazo asili yake ni damu ya mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa na saratani ya damu. Ziambukize zikiwa bado zinaelea na kugawanyika, kabla hujazipa kemikali iitwayo PMA ili zigeuke makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Kisha puromaisini, sumu ambayo vekta huikinga seli dhidi yake, huziua zote zisizo na vekta.

Balaa lilikuja nilipopima. Seli zangu, zile za NLRP3 na zile za ulinganisho zenye pini isiyolenga kitu, zilikuwa tayari zinatoa TNF, protini nyingine ya uvimbe, kabla sijaweka LPS (kipande cha ganda la bakteria) ya kuzichokoza. Moto ulikuwa umeshawaka, na mwashaji nilikuwa mimi. Plasmidi hutengenezwa ndani ya bakteria, na nilizisafisha kwa njia ya kawaida, kwa hiyo zilibeba LPS ya bakteria hao hadi kwenye virusi. Virusi vyenyewe navyo huamsha kinga ya seli. Anayetafiti saratani huenda asione shida hapo. Kwangu kazi ya miezi mitatu ilikuwa haina maana, na niliitupa yote.

Nilianza upya: plasmidi zilizoondolewa LPS, seli zikaoshwa baada ya maambukizo, na baada ya puromaisini nikaziacha zipumzike wiki mbili, kwa sababu seli iliyochokozwa juzi hujibu kivivu leo. Nikaongeza kundi la seli ambazo hazijawahi kuguswa na kirusi. Nikaacha pia kupima NLRP3 kwenye seli zilizotulia, kwani humo ni haba mno. Hupanda baada ya LPS, na hapo ndipo unapoona kama pini inafanya kazi.

TNF ile ile iliyoniumbua ndiyo niliyoifanya hakimu. LPS huamsha TNF bila kupitia NLRP3. Kwa hiyo pini ya kweli itashusha interlukini-1 beta na kuiacha TNF palepale. Nilijaribu pini tano. Mbili hazikufanya lolote. Moja ilishusha vyote viwili, ishara kwamba inagusa jeni nyingine, na hiyo niliitupa japo ndiyo iliyoipunguza NLRP3 kuliko zote. Zilibaki mbili. Nikaweka fuwele za yureti, zile zile za asidi ya yuriki; interlukini ikashuka sana, TNF haikutikisika.

Kisha nikairudisha NLRP3 kwenye seli hizo, ikiwa na herufi chache za kijeni zilizobadilishwa ili pini isiitambue huku protini ikibaki ile ile. Interlukini ikarudi. Siku hiyo ndiyo niliyoamini.

Sasa nimehamia kwenye monosaiti, chembe nyeupe zinazotoka moja kwa moja kwenye damu ya wachangiaji. Hizi hazigawanyiki, na zina SAMHD1, protini inayopunguza malighafi ambayo lentivirusi huhitaji kutengenezea DNA yake. HIV-2, ndugu wa HIV-1, ina silaha dhidi yake, protini iitwayo Vpx, nami nimeanza kuipakia Vpx hiyo ndani ya vekta zangu. Seli za kwanza ziko ndani ya inkubeta, na Jumatatu nitazipima, nikianza na TNF.